Tuache Kumwambia Nesi wa Walioungua "Ni Wito Wako"



Leo tunaweka pembeni mishono na mapishi, tuseme jambo lililotukaa kooni siku nyingi. Kuna neno moja tunalitumia vibaya ukanda wetu wote huu, kuanzia Somanga, Kivinje na Masoko mpaka Lindi mjini, na sisi wa visiwani tukiwemo. Neno lenyewe ni wito. Nesi akisema amechoka, tunamwambia uuguzi ni wito. Akitokwa na machozi, tunamwambia avumilie, ndio wito wake. Akinuna, tunasema huyu hana wito.

Tuseme wazi: kwa nesi anayehudumia watu walioungua moto, neno hili limekuwa mlango wa kumfungia. Tunamsifu ili tusimsaidie. Na deni lake linazidi kukua.

Kazi yenyewe ikoje

Kidonda cha moto si kama kidonda cha panga. Cha panga kikishashonwa kinaachwa kipone. Cha moto kikiwa kikubwa kinafunguliwa na kusafishwa tena na tena, mara nyingi kila siku au kila baada ya siku mbili, wiki baada ya wiki. Bandeji inaloweshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali ili iachie, na bado inang'ang'ania nyama. Ngozi iliyokufa inatolewa kwa kibano na mkasi, maana ikiachwa inakaribisha vijidudu, na maambukizi ndiyo yanayowaondoa wengi waliokwisha kuvuka siku za mwanzo. Damu inatoka. Mgonjwa anapiga kelele. Dawa ya maumivu inasaidia sana, lakini si kila mara inamaliza maumivu yote, na si kila zamu dawa yenye nguvu inakuwepo ya kutosha.

Na mgonjwa mwenyewe mara nyingi ni mtoto mdogo. Hapa Tanzania watoto wa chini ya miaka 5 ni miongoni mwa wanaoungua zaidi, tena kwa vitu vya nyumbani: uji, chai, maji ya kuoga, mafuta ya kukaangia. Mtoto wa miaka 3 hajui maambukizi ni nini. Anachojua ni kwamba yule mama mwenye sare akija na kile kitoroli chake, maumivu yanakuja. Siku ya kwanza analia akiguswa. Siku ya nne analia akimwona mlangoni.

Hebu jiweke hapo, dada. Una mtoto wa umri huo huo nyumbani. Unatakiwa umshike kwa nguvu mtoto anayekuogopa, umuumize ili apone, umfunge bandeji, unawe mikono, uhamie kitanda cha pili ufanye vilevile. Nesi wa wodi nyingine anatoa sindano, homa inashuka, jioni mama wa mtoto anamshukuru. Huyu wetu shukrani yake, ikija, inakuja baada ya miezi. Kilio kinakuja leo, na kesho kitakuja tena.

Kuna mzigo mwingine ambao wengi wetu hatuujui. Mtu aliyeungua sehemu kubwa sana ya mwili anaweza kuwa anaongea vizuri siku ile ya kwanza. Anaomba maji, anauliza watoto wako wapi. Hata maumivu yanaweza kuwa si makali kama tunavyotarajia, kwa sababu moto ukiingia ndani sana unaua mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu. Ndugu wanatoka nje wakipigiana simu, "Alhamdulillah, anaongea." Nesi ameshaona ukubwa wa majeraha. Anajua hali inaweza kugeuka siku chache zijazo. Anabaki na ujuzi huo kifuani, anamnywesha maji, anajibu maswali yake kwa sauti ya kawaida. Nani amewahi kumuuliza yeye analalaje usiku?

Kisha kuna yale anayoyasikia. Mke anayesema jiko lilimlipukia, halafu saa 8 za usiku, wodi ikiwa kimya, anasema ukweli kwamba kuna mtu alimmwagia. Binti anayeomba kioo. Mama anayerudia sentensi moja tangu asubuhi, kwamba aligeuka mara moja tu kuchukua chumvi. Na harufu, ambayo sabuni haiiondoi haraka. Nesi anarudi kwake na hayo yote, anainama kuwasha mkaa awapikie wanawe.

Sisi wa sehemu ndogo tunamwongezea jambo jingine. Mjini Dar es Salaam nesi anaweza asikutane tena na familia ya mgonjwa aliyefariki mikononi mwake. Kwetu atakutana nao sokoni, harusini, kwenye boti ya kuvuka, kwenye maulidi. Pengine ni shangazi yake au mtoto wa jirani. Hana mahali pa kuwa mgeni.

"Lakini manesi wenyewe wana roho ngumu"

Tunajua hili litasemwa, tena na wengi. Mtu anakwenda hospitali na mtoto aliyeungua, anakuta nesi uso umekaza, anajibu kwa neno moja, anasema "shika mguu, usilie wewe mama." Tunatoka hapo tunamtangaza katili.

Hatutetei matusi. Nesi anayemtukana mama aliyefiwa amekosea, na mkubwa wake wa kazi amuulize. Lakini tutofautishe tusi na uso mkavu. Uso mkavu mara nyingi ni ukuta ambao mtu amejijengea ili mkono usitetemeke. Mkono ukitetemeka mkasi unakata nyama nzima. Akilia pamoja na mtoto katika kila kitanda, saa 4 asubuhi atakuwa hawezi kazi, na vitanda vilivyobaki nani atavisafisha? Tatizo ni kwamba ukuta huo hauna mlango. Mtu akiuinua kila siku bila mahali pa kuushusha, mwisho unabaki hapo hapo, hata kwa mumewe, hata kwa wanawe, hata katika sala. Hapo ndipo tunapopata nesi asiyehisi tena. Hakuzaliwa hivyo. Ametumika bila kutunzwa, kama cherehani isiyotiwa mafuta, mpaka ikaanza kukata uzi.

Wengine watasema, "Analipwa mshahara." Ndiyo, analipwa kwa zamu yake. Mshahara hauondoi picha kichwani. Mzamiaji wetu wa pweza naye anauza anachopata, lakini hakuna mtu wa pwani atakayemwambia akae chini ya maji bila kupanda juu kuvuta pumzi kwa sababu eti analipwa.

Na wapo watakaosema, "Malipo yake yako kwa Mungu." Hili ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu linavalishwa nguo ya dini. Thawabu kwa Allah ni zake, insha'Allah, na hakuna atakayempunguzia. Lakini tangu lini thawabu ya mwenzako ikawa kisamehe cha deni lako? Mtume wetu (s.a.w.) alituusia tusimcheleweshee mfanyakazi haki yake. Hakutuambia tumwachie Mungu amlipe, sisi tukae.

Hema lilikuwa msikitini

Tumtazame Rufaida al-Aslamiya (r.a.), mwanamke wa Madina anayetajwa kuwa muuguzi wa kwanza katika Uislamu. Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, aliwekwa katika hema la matibabu, na Rufaida ndiye aliyemuuguza. Hema hilo lilikuwa wapi? Msikitini kwa Mtume. Mtume (s.a.w.) alitaka mgonjwa awe karibu ili amzuru.

Fikirini maana yake, dada zetu. Jeraha na mwenye kuliuguza waliwekwa katikati ya jamii, mahali watu wanaposali mara 5 kwa siku. Hakuna aliyeweza kujifanya haoni. Wito wa Rufaida ulikuwa na hema, ulikuwa na jirani, ulikuwa na kiongozi anayepita kila siku kuuliza hali. Sisi wito tumeubakiza peke yake, hema tumelikunja.

Mwaka 2019, tarehe 10 Agosti, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka. Waliofariki walipita 100. Nchi ilitangaza siku 3 za maombolezo. Majeruhi walipelekwa Muhimbili, na siku baada ya siku tukawa tunasikia idadi ya waliokufa ikipanda. Tulihesabu maiti, tukabishana kama waliochota mafuta walikuwa wajinga au maskini. Ni wangapi kati yetu tulijiuliza kuhusu wale waliokuwa wakiingia wodini kila asubuhi na kukuta kitanda kingine kitupu? Idadi ile kwetu ilikuwa habari ya redio. Kwao yalikuwa majina ya watu waliowalisha uji jana.

Na kwa sisi wa Kilwa na Lindi kuna umbali. Mgonjwa akizidi uwezo wa hospitali zetu, rufaa ni safari ndefu mpaka Dar es Salaam. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokuja, maji yalikata barabara kuu pale Somanga na magari yakakwama. Barabara ikikatika namna ile, mgonjwa wa rufaa anabaki. Anabaki mikononi mwa nani? Mikononi mwa nesi yule yule, na vifaa vile vile, huku ndugu wakimuuliza kila baada ya nusu saa kwa nini hafanyi kitu.

Tunachodai

Kwa halmashauri na wasimamizi wa hospitali zote za ukanda huu tunasema haya. Kusafisha majeraha makubwa ya moto kusiwe kazi ya mtu mmoja. Wawe 2, mmoja asafishe, mwingine amshike mtoto na kuzungumza naye. Dawa ya maumivu ipewe umuhimu ule ule wa dripu na bandeji katika bajeti, kwa sababu kila kilio kinachopungua kwa mgonjwa kinapungua pia katika kifua cha nesi. Zamu za vidonda vya moto zizungushwe, mtu asiachwe huko mwaka mzima kwa kuwa tu "ameshazoea". Na mtoto akifariki wodini, waliokuwa zamu wakae pamoja dakika 15 kabla ya kurudi makwao, waseme kilichowapata, mkubwa wao awasikilize. Dakika 15 hazihitaji mfadhili.

Kwa mashehe na maustadhi wetu: kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, manesi huwasha mishumaa na kurudia kiapo chao. Ijumaa iliyo karibu na siku hiyo, hotuba moja iwe juu yao. Na mtu aliyefariki kwa moto, mkawaambie wafiwa na nesi pia yale mafundisho yanayomhesabu miongoni mwa mashahidi. Nesi naye amefiwa, ila hakuna anayempa pole.

Sasa tujigeukie sisi wanawake, maana kulaumu serikali ni kwepesi.

Tukiuguza ndugu aliyeungua, tuchague mtu 1 wa kuzungumza na nesi, sio ukoo mzima mmoja baada ya mwingine. Tukiambiwa tusubiri dawa ya maumivu ifanye kazi kabla ya kufunguliwa kidonda, tusubiri. Tusifungue bandeji kisirisiri kuweka dawa ya kienyeji. Tupeleke chakula cha kujenga mwili, samaki, mayai, maharage, maziwa, kwa sababu mwili wenye jeraha la moto unahitaji chakula kingi kuliko kawaida, na ndugu aliyelishwa vizuri ni kidonda kinachofunga mapema. Tusimpige picha mgonjwa kurusha kwenye makundi ya simu. Na tukitoka, tuseme asante kwa jina: "Asante sista fulani." Mtoto akipona, miezi 6 baadaye, mrudishe wodini akiwa anatembea, nesi amwone. Anajua kilio chake. Ana haki ya kuona kicheko chake pia.

Mama wa mtoto aliyeungua tumpumzishe na maneno. Kumwita mzembe hakumponyi mtoto, na kila tunapomponda nje ya wodi, nesi ndiye anayebaki kumwokota ndani.

Sisi mafundi cherehani tuna la kufanya pia. Makovu ya moto huvimba na kuvuta kiungo, na moja ya tiba zinazotumika ni nguo za kubana, zinazoweza kuvaliwa mpaka saa 23 kwa siku kwa miezi mingi. Hazishonwi kwa kukisia. Zinataka kitambaa maalumu kinachovutika na vipimo vya mtaalamu wa viungo. Lakini mkono wa kushona upo hapa hapa pwani. Hospitali ituite, itufundishe, tutakuja na futi zetu. Hata magauni laini ya pamba yanayofunguka ubavuni, ili mtoto asivuliwe kwa kupitisha nguo juu ya kidonda, tunaweza kuyashona kutokana na mabaki ya vitambaa vyetu.

Tumpunguzie wagonjwa

Msaada mkubwa kuliko yote kwa nesi huyu ni mtoto ambaye hakuungua. Mtume (s.a.w.) alituonya tusilale tukiacha moto unawaka nyumbani. Tuanzie hapo. Kibatari kizimwe. Jiko la mkaa na sufuria ya mafuta ya kukaangia samaki visiwe chini mahali mtoto anatambaa. Ndoo ya kuoga itangulie maji ya baridi, ya moto yafuate. Dumu la petroli la mashine ya boti lisilale ndani ya nyumba ya makuti. Jikoni tuvae pamba, kama khanga iliyofungwa vizuri. Dera la nailoni likishika moto linayeyuka na kunata kwenye ngozi, na anayekuja kulibandua ni nesi.

Mtu akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si mayai, si asali, si mafuta ya gari. Kila tulichopaka kitasuguliwa wodini, mgonjwa akilia.

Mwenye kifafa akianguka motoni, mtoeni. Kifafa hakiambukizi kwa kumgusa mtu. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanza kuwatibu wagonjwa wa kifafa kule Mahenge karibu na mwaka 1960, aliandika juu ya walioungua vibaya kwa sababu watu waliogopa kuwagusa. Hofu hiyo haijaisha yote.

Na wakubwa wa nchi watusikie: gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na tangu 2004 inakwenda Dar es Salaam kwa bomba. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Tunaunga mkono. Lakini wanawake wengi wa wilaya yenye gesi hiyo bado wanapikia mafiga na mkaa sakafuni, watoto wakicheza kando. Lengo hilo liwafikie hawa mapema, na lije pamoja na mafunzo ya kutumia mtungi kwa usalama.

Kwa hiyo, dada, safari nyingine ukikutana na nesi wa walioungua, lile neno la wito liache lilale. Muulize, "Umelala?" Muulize, "Umekula?" Ukiwa na sahani ya wali wa nazi, mpelekee. Ukiwa na kiti kwenye baraza la halmashauri, nyanyua mkono usemee zamu yake.

Allah awaponye walioungua, awarehemu waliotangulia, awape subira wazazi wao, na aipoze mioyo ya wanaowauguza kama alivyoupoza moto kwa Nabii Ibrahim (a.s.). Na sisi atupe aibu ya kutosha tusiwaachie peke yao. Amin.